Ringi ya Matundu Arubaini

Kidawa Mkadam hakwenda kwenye ushirika wa baskeli kutafuta kazi. Alikwenda kuomba spoku. Spoku ya baskeli ukiikata na kuinoa ncha ni sindano nzuri kabisa ya kushonea mikeka, haipindi wala haikatiki, na Kidawa, mjane wa Bububu aliyekuwa na miaka hamsini na tatu wakati ule, alikuwa akiishi kwa kusuka ukili na kushona mikeka. Basi akasimama mlangoni, pale Mlandege nyuma ya maduka ya vitambaa, akapiga hodi na kusema anataka spoku tatu mbovu, kama zipo.

Ndani mlikuwa na wanaume sita na baskeli chungu nzima, nyengine zimetundikwa darini, nyengine hazina magurudumu, nyengine hazina hata sura ya baskeli.

"Mbovu ndizo tulizonazo, Bi Mkubwa," alisema Mbarouk, fundi mkuu, bila ya kuinua kichwa. "Nzima ndizo zinazotusumbua."

Alikuwa amekaa juu ya kibao, gurudumu mapajani, akipachika spoku moja moja kutoka kwenye habu ya katikati mpaka kwenye ringi ya nje.

"Unafanya nini hapo?" Kidawa aliuliza.

"Nnasuka ringi."

"Unasuka?"

"Nnasuka. Ndivyo tunavyosema."

Kidawa alicheka, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba wanaume nao wana cha kusuka. Lakini macho yake hayakucheka. Yaliifuata mikono ya yule bwana, juu, juu, chini, juu, juu, chini, mpaka yakakwama.

"Hapo umeruka," alisema. "Hiyo ya tatu ilikuwa ipite chini ya mwenzake."

Mafundi watano waliacha kazi ili wamtazame Mbarouk anavyojibu. Mbarouk akalitazama gurudumu, akalizungusha nyuma, akalitazama tena. Kisha akaitoa ile spoku na kuipitisha chini.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Mbarouk hukisimulia kisa hicho kwa kila mgeni anayeingia ushirikani, na kila mwaka kinarefuka. Siku hizi katika hadithi yake Kidawa alilikosoa gurudumu akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara.

Ushirika wenyewe hauna makuu. Ni watu saba na sanduku moja la spana. Watu wa mtaa huleta baskeli zao wakatengeneza wenyewe kwa spana za wote, na anayeshindwa husaidiwa. Lakini roho ya mafundi iko kwenye baskeli kongwe, zile nyeusi nzito za zamani, zenye kengele inayosikika mitaa miwili na kiti cha ngozi kinacholia mtu akikaa. Wanazitafuta kisiwa kizima, wanazisafisha, wanazirudisha barabarani. Na katika kuzitafuta, hakuna anayemfikia Kidawa. Sababu ni nyepesi. Mwanamume akienda nyumba ya watu kuulizia baskeli kuukuu hukaribishwa barazani, akapewa kahawa, akaambiwa hakuna kitu. Kidawa hukaribishwa ndani, akavuka ukumbi, akatokea uani, na huko uani ndiko zilikolala baskeli zote za Unguja, nyuma ya mapipa, chini ya makuti, zimeanikiwa nguo. Katika miaka minne amezitoa kumi na tisa.

Hata hivyo hakuwa amepewa baskeli moja nzima, ya kuianza na kuimaliza mwenyewe. Alipewa magurudumu tu. "Bi Kidawa ni wa magurudumu," Mbarouk alikuwa akisema, na aliyasema kwa sifa, maana magurudumu yaliyosukwa na Kidawa hayayumbi. Kidawa akishukuru. Lakini sifa ile ilimkera, kama mpishi anayesifiwa kila siku kwa kukata vitunguu.

Mwaka huu, katika mwezi wa kwanza, aliipata baskeli ya Bi Mwanakheir.

Bi Mwanakheir alikuwa mkunga wa Bububu. Kwa muda wa miaka thelathini alizunguka vijiji vya upande ule kwa baskeli ya kike, ile yenye fremu iliyoinama, buibui limefungwa kiunoni na mkoba mweusi ukining'inia kwenye usukani. Kidawa alipokuwa mtoto alimuona akipita, na ndiye mwanamke wa kwanza kumuona juu ya baskeli. Kwa miaka mingi alikuwa wa pekee. Mama yake Kidawa alizaa watoto sita, na watano kati yao walipokelewa na mikono ya Bi Mwanakheir. Baskeli ikiegemezwa ukutani, watoto wa jirani walijua kwamba ndani kuna mtu anakuja duniani, wakaacha kupiga kelele.

Sasa Bi Mwanakheir amekaribia miaka tisini na haoni isipokuwa mwanga. Baskeli yake Kidawa aliikuta uani, chini ya kibanda, kuku wamelala juu yake.

"Hiyo nshaiuza, Bi Kidawa," alisema Abdulhakim, mtoto wa Bi Mwanakheir, bwana mpole mwenye haraka zake. Kuna mwenye hoteli kule Mbweni aliyeitaka aipake rangi ya samawati na kuitundika ukutani, wageni wapigie picha. "Bora itundikwe watu waione kuliko inyewe na kuku."

Kidawa alitaka kujibu, lakini sauti ya Bi Mwanakheir ilitoka ukumbini.

"Hujaiuza. Umeahidi. Sikilizeni nyote wawili. Ikiwa inakwenda, haiuzwi. Ikiwa haiendi, itundikeni mnapotaka, mie sitasema kitu."

"Mama, itakwendaje hiyo? Imeoza."

"Muulize fundi."

Kidawa aligeuka kumtafuta Mbarouk. Kisha akakumbuka kwamba Mbarouk, aliyefuatana naye, yuko barazani na kikombe cha kahawa. Fundi aliyeulizwa ni yeye.

"Itakwenda," alisema.

Aliyasema hayo kabla hajalitazama gurudumu la nyuma, na alipolitazama alijuta. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, tena mbele ya mkunga aliyempokea duniani.

Abdulhakim alihesabu siku kwenye simu yake. Mwenye hoteli angekuja Jumamosi ya pili, saa nne asubuhi. "Na kwenda ni kwenda, Bi Kidawa. Itoke Mlandege ifike hapa kwa magurudumu yake. Si mniletee juu ya gari."

"Kwa magurudumu yake," Kidawa alikubali.

Mbarouk alipoiona akapiga mluzi. Kisha, kwa heshima, akampisha Kidawa kibao chake. Siku ile na siku zilizofuata Kidawa alikuwa fundi kweli. Alizifungua nati zote, zile zilizokataa akazilowesha mafuta ya taa mpaka zikalainika. Aliusugua usukani kwa ndimu na majivu, kama bibi yake alivyosugua masinia, mpaka mng'aro ukajitokeza. Chini ya kinyesi cha kuku alikuta rangi nyeusi bado ipo, na juu ya ile nyeusi mstari wa dhahabu mwembamba, uliochorwa kwa mkono na mtu asiyejulikana katika nchi ya mbali. Alimwita kila mtu aje kuuona mstari ule. Mudrik, anayehusika na breki, aliitwa mara tatu.

Kilichobaki ni ringi ya nyuma. Hiyo ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba Kidawa aliitoboa kwa kidole. Na baskeli za namna ile zina mambo yake. Gurudumu la mbele lina spoku thalathini na mbili, la nyuma lina arubaini, kwa sababu la nyuma ndilo linalobeba mzigo. Ringi za siku hizi zote zina matundu thalathini na sita. Kidawa alipita Mlandege duka kwa duka, akaenda Darajani, akauliza kwa mafundi wa pembe zote za mji. Thalathini na sita, thalathini na sita, thalathini na sita.

"Tia habu mpya ya thalathini na sita na ringi mpya, yaishe," Mbarouk alimwambia. "Nani atahesabu?"

"Mie ntahesabu."

"Bi Kidawa, siku zinakwenda."

"Gurudumu la nyuma nkilibadilisha lote, hiyo itakuwa baskeli nyengine. Yeye alisema ikiwa inakwenda hii."

Mbarouk akarudi kwenye kazi yake. Hata yeye ana baskeli ya baba yake ambayo hajamruhusu mtu kuigusa.

Siku ya tisa Kidawa alikwenda Mkokotoni kununua miyaa, majani ya kusukia ukili, maana mikeka nayo ina wenyewe wanaoingojea. Miyaa yake huinunua kwa Shemsa, mwanamke wa Kitumbatu anayekausha pweza na kuwauza. Kama kawaida alikaribishwa mpaka jikoni. Shemsa alikuwa akitia kuni mekoni, na juu ya meko, katika moshi, pweza walikuwa wametundikwa kwa kulabu kwenye duara moja jeusi lililofungwa darini kwa kamba.

Kidawa aliinua macho, akayaacha hukohuko.

"Shemsa, hii nini?"

"Pweza."

"Walipotundikwa."

"Ah, hiyo ringi ya baskeli. Ya marehemu babu. Ipo hapo tangu sijaolewa."

Kidawa aliomba kigoda, akapanda. Alipitisha kidole tundu kwa tundu, huku midomo ikihesabu, na pweza wakimgusa usoni. Arubaini. Akahesabu upya, kuanzia upande mwengine. Arubaini. Alifuta kwa upindo wa kanga, na chini ya masizi na mafuta ya pweza ya miaka yote ile chuma kilikuwa kizima, cheupe kama sufuria ya harusi. Kutu haikupata pa kuingilia.

Alishuka kigodani, akamwomba Shemsa wabadilishane kwa ringi mpya kabisa, ambayo haijaguswa.

"Ina matundu mangapi, hiyo mpya?" Shemsa aliuliza.

Kidawa alijikaza. "Thalathini na sita."

"Nna arubaini, unanipa thalathini na sita! Pweza wanne ntawatundika wapi, masikioni mwangu?"

Walizozana mpaka chai ikapoa. Mwisho walikubaliana kwamba Kidawa atailetea ringi mpya kulabu nne za ziada, za waya, azifunge mwenyewe kwa mkono wake. Kesho yake alirudi akazifunga, na Shemsa akazivuta moja moja kuona kama zitahimili.

Alhamisi Kidawa alikaa kwenye kibao na kuisuka. Juu, juu, chini. Spoku arubaini zilikaa mahali pake, na alipolizungusha gurudumu na kuweka chaki karibu na ringi, chaki haikugusa upande wowote. Alilitazama likizunguka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alijua amefanya kazi nzuri, na hakuona haya kulijua hilo.

Ijumaa, baada ya sala, Mbarouk alivalisha mpira na kuchukua pampu. Akainama. Akageuza kichwa huku, akageuza kule.

"Bi Kidawa."

"Naam."

"Hebu njoo. Pampu ntaiingiza vipi?"

Katika kila ringi, mbali na matundu yanayohesabiwa, kuna tundu moja lisilokuwa la spoku, pale unapotokeza mdomo wa mpira wa ndani ili utiwe upepo. Spoku za pale zinatakiwa ziachane, pampu ipate nafasi. Kidawa alikuwa amezikutanisha juu ya lile tundu, zimepishana sawasawa, zimelifunika.

Alielewa hapo hapo alichokifanya, na damu ikampanda usoni. Msukaji wa ukili akifika pale anapounga mwaa mpya, hupaficha kiungio chini ya mwaa mwengine kisionekane. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake, ndivyo vidole vyake vilivyofanya kwa miaka arubaini na tano. Siku zote pale ushirikani Mbarouk ndiye aliyemwanzia spoku za kwanza, yeye akaendeleza. Safari hii alianza mwenyewe, na vidole vilipoona tundu lililobaki tupu, vililiona kuwa ni kiungio, vikalificha.

Mbarouk alicheka mpaka akakaa chini. "Kaniziba tundu la upepo! Kalishonea kama mkeka!" Mudrik naye akacheka. Kidawa hakucheka. Aliisikia saa nne ya kesho ikimjia, akauona ukuta wa Mbweni na rangi ya samawati. Mbarouk alimtazama usoni, akaacha kucheka.

"Niachie mie," alisema taratibu. "Mpaka magharibi ntakuwa nshamaliza."

"Hapana."

"Si aibu, Bi Kidawa. Hata mie mara ya kwanza..."

"Mbarouk, kaka yangu, hapana. Nimelificha mie, ntalifichua mie."

Akazifungua zote arubaini. Hakuna namna ya kuzifungua mbili tu, kama ambavyo huwezi kuufumua ukili katikati. Vidole vilimuuma, mahali pawili vikatoka damu, akavifunga kitambaa akaendelea. Safari hii alianzia kwenye tundu la upepo, akaliacha wazi kama mlango wa mbele, na kila kitu kingine akakihesabu kutoka hapo. Muadhini wa magharibi hakuwa ameanza bado alipoipiga pampu mwenyewe. Mpira ukajaa, ukakaza. Hakuna aliyepiga makofi, lakini Mbarouk alilichukua gurudumu kwa mikono miwili, na hakulirusha kama anavyorusha mengine.

Jumamosi asubuhi likaja suala la nani ataipanda. Mudrik alijitolea. Mbarouk pia. Kidawa alikuwa ameshalifunga buibui kiunoni. Kupanda alijifunza mwaka wake wa kwanza ushirikani, wakimcheka, lakini hakuwahi kuvuka Darajani.

"Mie ntakufuata na spana," Mbarouk alisema.

"Nifuate. Lakini kaa mbali, watu wasije wakasema umenishikilia."

Alitoka Mlandege saa mbili na nusu. Mwanzo usukani ulimcheza, akapigiwa honi, akasema maneno ambayo hayaandikiki. Kupita Maruhubi alikuwa ametulia. Kufika Mtoni alianza kuisikia baskeli yenyewe, mnyororo ukinong'ona, kiti kikilia kidogo kidogo, na gurudumu la nyuma, ambalo hakulisikia kabisa. Hilo ndilo lililompa raha. Watu barabarani walimtazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka aliweka fagio chini akasema, "Mashaallah, bibi wee!" Kidawa akampigia kengele. Alipiga kengele mara nyingi kuliko kulivyokuwa na watu, na kifua kilimjaa mpaka akahisi lazima acheke au alie, akacheka.

Nyumbani kwa Bi Mwanakheir, mwenye hoteli alikuwa ameshafika na kamba yake ya kupimia. Abdulhakim alisimama karibu naye. Bi Mwanakheir alikuwa amekaa barazani, uso ameuelekeza barabarani, na kabla mtu hajasema kitu aliinua mkono wanyamaze.

"Shikamoo, Bibi," Kidawa alisema, akihema, akashuka.

"Marahaba. Nani kaipanda?"

"Mie, Kidawa."

"Tangu Mlandege?"

"Tangu Mlandege."

"Ilete."

Kidawa aliisogeza. Bi Mwanakheir alilishika gurudumu la nyuma, akazipitia spoku kwa vidole moja moja, kama alivyozoea kupitia vidole vya watoto wachanga kuona kama vimetimia. Alichukua wakati wake. Mwenye hoteli akatazama saa. Kwenye ile ya arubaini vidole vilisimama, akavuta pumzi.

"Abdulhakim."

"Naam, mama."

"Mwombe radhi mgeni wako. Haiuzwi."

Abdulhakim hakubisha. Alimtazama Kidawa, akatikisa kichwa kwa mshangao, akacheka kama mtu aliyeshindwa na mchezaji mzuri. Mwenye hoteli alikunja kamba yake, akaaga. Mbarouk naye alikuwa ameshafika, amesimama ng'ambo ya barabara, mbali kama alivyoamrishwa. Abdulhakim akaishika baskeli kuirudisha ndani.

"Unaipeleka wapi?" Bi Mwanakheir aliuliza.

"Uani, mama. Pahala pake."

"Wakalale tena kuku? Iache hapo." Alijiinua kwa kushika nguzo. "Mjukuu wangu Tahiya kajifungua juzi, na siku tatu mnanambia ningoje gari. Sasa kuna usafiri. Kidawa, panda."

"Bibi, utaweza kukaa nyuma?"

"Weye endesha. Kukaa mie najua."

Abdulhakim alimpandisha mama yake nyuma ya kiti, upandeupande, miguu pamoja. Bi Mwanakheir alikuwa mwepesi, lakini ni mtu, na mtu ni mzigo. Mikono yake ikamzunguka Kidawa kiunoni. Kidawa alikanyaga, baskeli ikayumba mara moja, ikanyooka, ikaenda. Masikio yake yote yalikuwa nyuma, yakingoja spoku moja ilie, ile iliyolegea, ile aliyoikosea. Walipita nyumba ya kwanza, ya pili, wakapita msikiti. Hakuna iliyolia.

"Bi Mwanakheir!" alipaza sauti mzee mmoja aliyekuwa barazani kwake, ameshika kikombe hewani. "Wallahi ndiyo ile! Nani kakutengenezea?"

Bi Mwanakheir alivuta pumzi ajibu, lakini Kidawa alimtangulia.

"Mie!" alisema, kwa sauti iliyomfanya hata Mbarouk, kule nyuma alikoambiwa akae, aisikie wazi. "Yote! Tangu nati ya kwanza!"